Kabla ya Kunawa Mikono

Nati ilikuwa inatoka jasho la mafuta. Niliiona mara tu nilipoinama, kabla hata sijawasha tochi: doa jeusi, bichi, limeizunguka nati pale bomba kubwa la shaba linapoingia kwenye kompresa ya mashine ya baridi, na chini yake, kwenye sakafu ya saruji, tone moja lililokwisha kukusanya vumbi. Mafuta hayasemi uongo. Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha. Gesi huwezi kuiona ikitoroka, lakini haitoroki mikono mitupu. Huondoka na mafuta kidogo ya kompresa, na pale inapopenyea huacha alama. Ukiona mafuta, alikuwa akisema, usitafute mchawi.

Nilipaka povu la sabuni. Mapovu yakavimba taratibu, moja, mawili, kisha mengi madogo madogo, yakipasuka na kuvimba tena. Nikaigeuza ndoo ya plastiki iliyokuwa pembeni mwa kibanda cha mashine, nikaketi juu yake, nikaegemea ukuta. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Upande wa pili wa ukuta ule, kwenye rafu ya chini ya chumba cha maiti, alikuwa amelala mama.

Mashine ile aliifunga yeye mwenyewe. Hospitali ilipojenga kile chumba kidogo cha rafu nne, mafundi wengine waliogopa kazi ya maiti, au walijifanya kuogopa ili bei ipande. Mama alikwenda na mkoba wake wa vifaa, akamaliza kwa siku tatu, na alipoulizwa kama hakuogopa akajibu kwamba katika wateja wake wote, hao ndio pekee wasioacha mlango wa friji wazi. Mtaani walimwita Mama Barafu. Baba alipofariki, watu walikuja kuchukua mafriji yao wakidhani karakana imezikwa naye. Mama akawakuta mlangoni, akawaambia warudi Jumamosi, kazi zitakuwa tayari. Hakuwa ameshika chochote kabla ya hapo isipokuwa tochi aliyokuwa akimmulikia baba. Lakini miaka kumi na moja ya kummulikia fundi si haba. Anayemulika huona kila anachokiona anayeshika spana.

Sisi wanawe wawili alitufundisha kwa pamoja, mimi na mdogo wangu, bila kujali nani wa kike nani wa kiume. Kukata bomba bila kulibonda. Kuipanua ncha yake ikachanuka kama tarumbeta, ikae sawasawa kwenye kiti chake. Kukaza nati kwa spana mbili, moja imeshika na moja inazungusha, kwa sababu ukitumia moja unalinyonga bomba na kesho utaitwa tena. Na ukishakaza, unachukua rangi ya kucha, unachora mstari mmoja kuanzia kwenye nati hadi kwenye mwili wa valvu. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unaachana vipande viwili, na unajua. Rangi nayo inasema ni kazi ya nani. Mama alitumia nyeupe. Mimi nilichagua nyekundu. Mdogo wangu alizubaa, na siku alipokwenda dukani alikuta imebaki chupa moja tu ya kijani ambayo hakuna mwanamke aliyeitaka.

"Kazi ya mtu si uzuri wa rangi," mama alimwambia. "Ila usije ukapaka kwenye vidole, utanikosesha wakwe."

Tangu siku ile tukamwita Kucha, na jina likamganda. Hata alipokuja kuwa fundi wa mitambo ya ubaridi kwenye meli ya kugandisha samaki, baina ya wanaume wenye mikono kama makasia, alibeba chupa yake ya kijani, na walipomcheka aliwaacha wacheke.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii mama hakuifanyia mzaha. Valvu unayoifunga ni yako. Wewe uliyefunga ndiye utakayefungua. Ukilazimika kufungua aliyoifunga mwenzako, mwambie kabla hujanawa mikono. Si baadaye, si ukishakunywa chai. Baba alipoteza jicho la kulia kwa sababu mwenzake alifungua valvu, akaenda zake kunawa, na baba akarudi kwenye kiungo akiamini bomba ni tupu.

*

Kucha aliondoka miaka tisa kabla ya Jumatano ile. Alikuwa akileta salamu, alikuwa akituma alichoweza, na alirudi mara mbili, kila mara kwa wiki moja, akapokewa kama mfalme. Simlaumu kwa kuondoka. Karakana ilikuwa ndogo kwa mafundi watatu, na yeye ndiye aliyekuwa na miguu ya kusafiri.

Kisha mama akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, mguu ukalala, na mdomo ukavutwa upande mmoja, ukabaki hivyo. Yule mwanamke aliyekuwa akimjibu kila mtu papo kwa papo alianza kuongea kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Miaka mitatu nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko kidogo upande wa mdomo uliokuwa mzima, huku karakana ikinisubiri na wateja wakinilaani. Sijisifu. Kila mwenye mama angefanya. Lakini nitasema lililo kweli: katika miaka ile mitatu, kila geti lilipolia, mama aligeuza macho mlangoni na kuuliza neno moja.

"Amefika?"

Nilikuwa nimeshika kijiko, na mkono wangu mwingine ulikuwa chini ya kidevu chake. Mimi nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimefika siku zote, sikuondoka hata siku moja. Ila anayekuwapo hasubiriwi, na sikujua kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kumla mtu ndani kwa ndani hadi likanila mimi.

Alifariki Jumatatu asubuhi, kabla ya uji. Nilimwosha na kumvalisha mwenyewe pamoja na muuguzi, na tulipomaliza kumfunga kitambaa kichwani tukatazamana. Mdomo ulikuwa umenyooka. Kile kilichokuwa kikiuvuta miaka mitatu kilikuwa kimeachia, na pale kitandani alikuwa amelala Mama Barafu wa zamani, midomo imekutana vizuri, kama mtu aliyemaliza kutoa jibu na anangoja watu wacheke. Nililia kwa furaha, kama inawezekana kusema hivyo.

Kucha alinipigia kutoka melini. Sauti ilikuwa ikikatika.

"Nitafika Ijumaa, dada. Mnisubiri. Nataka kuuona uso wake tu. Muuguzi aliniambia zamani kwamba mdomo ulipinda, na mimi kila nikifumba macho..."

"Tutakusubiri," nikasema. Sikumwambia kwamba umenyooka. Nilisema moyoni, acha aje auone mwenyewe, itakuwa zawadi yake. Jumatatu nilikuwa bado mtu mzuri.

*

Basi Jumatano mhudumu wa chumba cha maiti akaja kunigongea, akasema mashine inazunguka lakini haileti baridi. Nilichukua mkoba wa mama msumarini, nikaenda. Katika wiki ile mama alikuwa peke yake mle ndani, rafu nyingine tatu zilikuwa tupu, na nakumbuka nikifikiri kwamba hata katika kufa amepata chumba chake.

Kazi ilikuwa nyepesi, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilifunga valvu ya tangi la gesi, nikaiacha kompresa ivute gesi yote ya kwenye mabomba irudi tangini, nikiangalia mshale wa geji ukishuka taratibu hadi sifuri. Kisha nikafunga valvu ya kompresa, nikazima. Hapo gesi imefungiwa salama, unaweza kufungua kiungo bila kupoteza hata pumzi moja. Nikafungua nati. Ilikuwa na mstari mweupe wa mama, umechakaa lakini upo. Ndani, kwenye ncha iliyochanuliwa, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kompresa ilikuwa nzima kabisa. Kilichotakiwa ni kukata kipande cha bomba kisichozidi urefu wa kucha, kupanua ncha mpya, kukaza, kunyonya hewa, kuongeza gesi kidogo, na kufungua valvu zote mbili. Saa moja na nusu. Tuseme mbili, kwa fundi mwenye msiba.

Nilikuwa nimeshika kikata bomba mkononi simu ilipotetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Kucha.

"Tumetia nanga. Ijumaa saa sita nipo hapo. Dada, mama aliniulizia?"

Nikausoma. Nikausoma tena. Halafu nikakiweka kikata bomba juu ya mashine, polepole, kama chombo cha kioo.

Si kweli kwamba shetani alinipitia. Watu husema hivyo kana kwamba shetani hana kazi nyingine. Nilikuwa mimi, nimeketi juu ya ndoo, nikiwa na akili zangu timamu. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Niliwaza jinsi atakavyoingia Ijumaa, jinsi wote watakavyogeuza macho mlangoni kama alivyokuwa akigeuza mama, jinsi atakavyoinama juu ya uso ule ulionyooka na kuuchukua, aondoke nao, uso ambao mimi sikuwa nimeuona miaka mitatu na niliupata kwa asubuhi moja tu. Nikawaza: huu nao? Hata huu?

Mjomba akatokea mlangoni. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, mwalimu mstaafu, mtu aliyezitazama mashine zote kama wanafunzi watoro. Nyuma yake alisimama mhudumu.

"Mwanangu, vipi? Itafika Ijumaa?"

Nati ilikuwa kiganjani mwangu. Niliifumba.

"Haifiki, Mjomba. Kompresa imekufa. Kupata nyingine ni wiki nzima, pengine zaidi."

"Tungeweka vibonge vya barafu," mhudumu akasema. "Mwaka jana tulisukuma navyo siku mbili."

Wote wawili wakanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Neno langu mahali pale lilikuwa kama neno la daktari, na nilijua hivyo.

"Kwa joto hili? Barafu haitoshi."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alimpenda Kucha, na niliona jinsi lilivyomuuma.

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema kwa sauti ndogo. "Hatutamwacha dada yangu aharibike. Tumzike kesho."

Walipoondoka nikairudisha nati mahali pake kwa vidole tu, bila spana, bila rangi. Nikafunga mkoba. Nilimwambia mhudumu nitarudi Jumatatu kuishughulikia. Nilikusudia kuja kuitengeneza kimyakimya, halafu niseme nimepata kompresa ya mtumba mahali fulani. Uongo mmoja hauishi peke yake, huita ndugu zake. Ujumbe wa Kucha niliujibu usiku huo huo kwa neno moja, ndiyo, na habari ya mazishi nilimwachia Mjomba amtumie. Ilimkuta njiani, na njiani hakuna anayeweza kuongeza mwendo.

*

Tulimzika Alhamisi saa nne. Kabla ya jeneza kufungwa nilimtazama peke yangu, muda mrefu, na nilipata nilichokitaka. Uso ule ulikuwa wangu. Sikuwahi kupata kitu kilichonipa raha ndogo namna ile.

Ijumaa saa sita na robo geti lililia. Tulikuwa tukipakia viti vya kukodi kwenye gari. Kucha aliingia na begi moja begani, amekonda, mvi zimeanza masikioni. Aliangalia viti vilivyopangwa, akaangalia gari, kisha akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Mashine iliharibika. Kompresa."

"Kompresa," akarudia. "Ile ile aliyoifunga mama?"

"Ile ile."

Akatikisa kichwa polepole. Ningemjua mdogo wangu hata gizani kwa namna anavyonyamaza. Kuna kunyamaza kwake kwa hasira, kuna kwa kufikiri. Kule kulikuwa kwa kufikiri. Mjomba akamshika mkono, wakaenda kaburini pamoja, wakarudi, Kucha akala vijiko vitatu vya wali. Baada ya hapo akasimama mbele ya msumari uliponing'inia mkoba wa vifaa vya mama, akautoa.

"Naenda kuona alipokuwa amelala," akasema. "Nachukua na hivi, nishike kitu chake."

Ningeweza kumzuia. Ningesema chumba kimefungwa, mhudumu hayupo, kuna harufu. Maneno yote hayo yalinijia, na nikayaacha yapite. Pengine nilitaka akaone. Mtu akichoka kubeba mzigo, wakati mwingine huomba uanguke wenyewe.

Alirudi jua likielekea kutua. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akaweka mkoba chini, akafungua maji. Nilitoka na kikombe cha chai, nikasimama mlangoni. Alijipaka sabuni ya unga, akasugua viganja, akasugua baina ya vidole, akasugua chini ya kucha, moja moja. Mimi nikasubiri. Niseme, nilijiambia, akisema neno moja tu namimina yote hapa hapa uani.

Akafunga bomba. Akafuta mikono kwenye suruali. Akanitazama, macho mekundu.

"Asante kwa kumtunza mama, dada," akasema, akapokea kikombe.

Nikajipa moyo kwamba hajagusa kitu. Mtu akitoka chumba cha maiti hunawa, tena hunawa sana. Jumapili akaondoka.

Jumatatu nilikwenda hospitali na bomba jipya mkononi. Niliisikia mashine tangu getini. Ilikuwa ikinguruma ule mngurumo wake mzito, wa kushiba, usio na kikohozi. Mhudumu alikuwa akifagia mbele ya kibanda.

"Umechelewa, fundi," akasema kwa furaha. "Mdogo wako alimaliza tangu Ijumaa. Hakukwambia? Saa moja na nusu tu! Nikamwambia, lakini dada yako alisema kompresa imekufa. Akasema, dada yangu hakukosea, ilikuwa imekufa kweli, mimi nimebahatisha tu."

Niliingia, nikainama. Ncha ya bomba ilikuwa mpya, shaba inang'aa. Nati imekazwa. Valvu zangu mbili, ya tangi na ya kompresa, zilikuwa wazi, vifuniko vimerudishwa. Na kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa valvu, juu kidogo ya masalia ya mstari mweupe wa mama, ulipita mstari mmoja wa kijani, mwembamba, ulionyooka, mkono haukutetemeka.

Alikuwa ameigeuza ile nati kwa vidole. Nati isiyokazwa, ndani yake ufa kama unywele, na kompresa nzima. Hakuhitaji hata dakika mbili kujua dada yake amefanya nini. Akakaa pale, kando ya ukuta wa chumba alicholala mama bila yeye, akaitengeneza kazi yangu, akanitetea kwa mhudumu, akafungua nilizofunga, akaja nyumbani, akanawa mikono mbele yangu bila kuniambia. Katika maisha yake yote ile ndiyo sheria pekee ya mama ninayojua aliivunja.

Niliketi juu ya ndoo ile ile, nikalia hadi mhudumu akaja kuniuliza kama nimeumia.

*

Imepita miaka kumi na minne. Kucha aliacha bahari, akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki katika bandari ya mbali, akaoa, na binti yake wa kwanza akampa jina la mama. Tunapigiana simu kila Jumapili. Tunaongea habari za watoto, mvua, magoti ya Mjomba hadi Mjomba mwenyewe alipotutoka. Tunataniana kama zamani. Katika Jumapili zote hizo hakuna hata siku moja aliyoniuliza kuhusu mazishi, wala mama alivalishwa nini, wala uso wake ulikuwaje. Mwanzoni nilidhani ameshasahau. Baadaye nikaelewa kwamba hawezi kuuliza, kwa kuwa njia ya kwenda kwenye swali hilo inapita juu yangu, na hataki kunikanyaga. Mimi nami kila Jumapili nilijiambia leo, na kila Jumapili nikaweka simu chini.

Wiki iliyopita hospitali ilileta mashine mpya. Wakanipigia niende kuing'oa ile ya zamani. Niliisikiliza kwanza ikiwa inafanya kazi. Ilikuwa imezeeka, lakini bado ilikuwa na nguvu. Nikafunga valvu ya tangi, nikaiacha ivute gesi yake mara ya mwisho, nikaangalia mshale ukishuka. Nikafunga valvu ya kompresa. Nikazima. Kimya kilichoingia kibandani kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotegemea.

Mstari wa kijani ulikuwa umepauka, karibu ufanane na mweupe. Lakini ulikuwa mstari mmoja bado, haukuachana hata unene wa karatasi. Niliutazama sana. Kisha nikatoa simu kwa vidole vilivyojaa mafuta. Haikuwa Jumapili.

"Dada," akasema haraka. "Kuna nini? Salama?"

"Salama, Kucha. Nipo hospitali, nyuma, kibandani. Wanaing'oa ile mashine ya mama."

Nyuma yake nilisikia kompresa za kiwandani kwake zikinguruma. Kisha mngurumo ukafifia, nikajua ametoka nje.

"Mstari wangu upo?" akauliza.

"Upo. Haujaachana."

"Miaka kumi na minne." Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama angesema si haba."

"Nimefunga valvu ulizozifungua," nikasema. "Sijanawa mikono. Kucha, haikuwa kompresa. Ilikuwa nati."

"Najua, dada."

"Ningemaliza kabla ya saa sita. Ungemkuta."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Sikumharakisha. Nilikuwa nimemchelewesha mimi kiasi cha kutosha.

"Mama alishakwenda," akasema. "Ningesema, ningebaki na nani?"

Sikuomba msamaha. Lilikuwa neno dogo mno, ningeona aibu kulitoa. Nadhani alisikia nikilia, maana alisubiri hadi nikatulia, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa dukani, mwenye chupa ya kijani mkononi.

"Basi niambie sasa. Kila nikimwota, namwona amezikwa na mdomo umepinda. Alikuwaje?"

Nikaivuta ndoo, nikaketi, nikaegemea ukuta.

"Ulikuwa umenyooka," nikamwambia.